Sifa za Kabambe

Desturi ya watu wa kalamu, tangu zama za kale, ni kuwasifu wenye nguvu: wafalme waliotandikiwa mazulia, majemadari waliorudi na mateka, na katika siku zetu hizi, mabwana wa California ambao aghalabu kila Septemba hupanda jukwaani kuutangazia ulimwengu kwamba simu waliyoiuza mwaka jana, ile ile waliyoapa kuwa ni upeo wa ustadi wa binadamu, sasa ni takataka, na kwamba upeo wenyewe wa haki ndio huu wa leo, kwa bei iliyopanda kidogo. Mimi sina mkataba na wenye nguvu. Nataka, kwa idhini ya msomaji na kwa taadhima yote inayostahili, kuisifu kabambe, simu duni ya vitufe ambayo katika masoko ya Nyamira, tangu Keroka hadi Miruka, hununuliwa kwa fedha ya mikungu michache ya ndizi, na ambayo mwenyewe, akiwa mbele ya vijana, huitoa mfukoni akiisitiri ndani ya kiganja kana kwamba ni ugoro.

Nasaba yake ni bora kuliko wanavyodhani wanaoidharau. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia, ya Ufini, ilitoa simu iliyoitwa 1100, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi za mavumbi na unyevu, yenye vitufe vilivyofunikwa kwa ngozi moja ya mpira na tochi ndogo utosini. Zikauzwa zaidi ya milioni 250, nasi Wakenya tukaipokea, tukaiita mulika mwizi, tukaendelea na safari zetu za usiku. Baba huyo baadaye alijiona, akapitwa na wakati, na biashara yake ya simu ikamilikiwa na Microsoft mnamo Aprili 2014. Lakini ukoo haukukatika, kwa kuwa wana wa Shenzhen, wenye Itel na Tecno, waliokuwa wamekwisha kuiokota ile hekima, waliongeza laini ya pili, redio, na kipaza sauti ambacho nitakieleza mahali pake.

Kumsifu mtu kwa jumla ni kazi ya wavivu, basi tutazame kiungo kimoja cha mwili wake, nacho ni betri. Betri iliyoenea zaidi katika ukoo huu ni ile iitwayo BL-5C, kibamba kinachotoshana na vidole vitatu, na adhama yake yote imo katika jambo moja, kwamba hutoka. Mtu hufungua mgongo wa simu kwa ukucha wa kidole gumba, na kama mgongo wenyewe ulikwisha kupotea, huvua mpira wa noti uliozungushwa mahali pake. Hapo betri huanguka mkononi, na pamoja nayo kijikaratasi kilichokunjwa mara nne, ambacho fundi alikitia ili kuisukuma betri iguse vyuma, na ambacho hakuna kiwanda duniani kilichowahi kukiuza kwa jina la ziada ya hiari. Pale Nyamira mjini, kando ya stendi, fundi huketi nyuma ya sanduku la kioo akiwa na kopo lililojaa betri kuukuu. Mnunuzi huchagua moja, huilaza juu ya kioo na kuizungusha kwa kidole: ikizunguka, imevimba tumbo, naye huirudisha koponi bila neno, ikigoma, ni nzima, na maongezi ya bei huanza. Sijapata kusoma ripoti yoyote ya ukaguzi wa bidhaa iliyokuwa fupi na ya kweli kiasi hicho.

Na betri hiyo haikai nyumba moja. Asubuhi huwa ndani ya kiredio kilichotundikwa kikapuni, ikimsikilizisha mchumaji wa chai matangazo ya Egesa FM katikati ya mistari ya michai. Jioni hurejea ndani ya simu kumulika njia ya kutoka kituo cha kupimia majani, maana lori la kiwanda likikwama katika matope ya mvua zetu za alasiri, wakulima humsubiri karani hadi giza liwafunike wao na magunia yao. Mali moja hutumikia vyombo viwili, na hakuna kampuni iliyopata senti kwa uhamisho huo. Nadhani hiyo ndiyo sababu hatukuwahi kuona bango la kuutangaza.

Wenye inda watasema kwamba betri hizo nazo ziliwahi kuwa na hatari. Ni kweli, na kisa chenyewe ni fahari yake. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto la kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Matukio yaliyojulikana dunia nzima yalikuwa 100 hivi, na dawa ilikuwa kusoma namba zilizoandikwa kwenye betri, kuitoa, na kudai nyingine bila malipo. Ulinganishe na yaliyoipata Samsung mwaka 2016, wakati simu yake ya Galaxy Note 7, ambayo betri yake imefungiwa ndani asipoweza kuifikia mwenyewe, ilipoanza kushika moto, zikaitwa zote zirudi, zikatolewa nyingine badala yake, nazo zikashika moto, hata Oktoba ya mwaka huo kampuni ikaiacha simu hiyo kabisa. Betri ya kabambe ikikosea, huadhibiwa betri.

Kisha kuna suala la uaminifu katika uzee. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zikizipunguzia kasi simu ambazo betri zake zimechakaa, ikijitetea kwamba ilifanya hivyo ili zisizime ghafla. Wenye simu hawakuwa wameambiwa, na Februari 2020 mamlaka ya Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25 kwa kimya hicho. Kabambe haijui kumpunguzia mtu mambo kwa upole. Ikichoka huzima, hadharani, katikati ya neno, hata kama neno hilo ni idadi ya ng'ombe wa mahari, na mwenyewe hubaki akijua bila shaka yoyote kwamba kilichokufa ni betri na kwamba hahitaji simu mpya. Na ilipofika Oktoba 2020, kampuni hiyo hiyo ikaanza kuuza simu zake bila chaja ndani ya boksi, kwa hoja ya kuyahurumia mazingira, ila huruma hiyo haikuonekana katika bei. Huku kwetu, chaja moja ya pini nyembamba huazimwa boma hadi boma, na mazingira hayakuwahi kupewa taarifa.

Walakini fadhila kuu ya kabambe, ile ambayo wajuzi huihesabu kuwa ni fedheha yake, ni ujinga. Kabambe haijui kitu, na kisichojua hakina cha kusema. Kabla ya kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 kuwapiga marufuku, baadhi ya wakopeshaji wa mitandaoni walikuwa na mazoea ya kuingia katika simu janja ya mdeni, kuchota majina yote aliyoyahifadhi, na siku ya deni kupita, kumpigia mwajiri wake, mchungaji wake, na hata mkwewe. Asiyejua staha ya ukwe katika jamii ya Abagusii hawezi kuupima uzito wa simu hiyo ya mwisho. Kuna watu wangependelea kuuza shamba. Mwenye kabambe alisalimika, si kwa hekima wala kwa uchaji, bali kwa sababu programu zenyewe hazikupata mahali pa kukalia. Kadhalika mwanzoni mwa Agosti 2023, wakati umati wa watu ulipojipanga pale KICC, Nairobi, ili mashine ya Worldcoin iwachunguze mboni za macho kwa ahadi ya sarafu za mtandaoni zilizosemekana kufikia shilingi 7,000 hivi, hata serikali ikaisimamisha shughuli hiyo, kabambe haikualikwa karamuni, maana sarafu zilihitaji simu janja ya kuzipokelea. Macho ya mwenyewe yalibaki nyumbani, yakitazama ng'ombe.

Haina ramani pia. Haijui kwamba mji wa Keroka una mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira, wala kwamba kaunti hizo mbili zimeugombania, basi haina haja ya kumwomba mwenyewe ruhusa ya kujua daima alipo ili, kama inavyodaiwa, imhudumie vyema zaidi. (Mnara wa kampuni unajua alipo, naam; lakini mnara haujamtangazia viatu.)

Hapa yafaa tutue kidogo kwenye habari ya umiliki. Julai 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilileta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao ulipoanza mtu alitoa kitangulizi, akaondoka na simu janja, na kulipa shilingi 20 kila siku. Akikawia, simu hufungwa kutoka mbali hadi alipe. Siukatai ustadi wa jambo hilo, na najua waliofaidika nalo. Ila ni mali ya namna yake, ambayo imo mkononi mwako na amri yake imo mkononi mwa mwingine, na hesabu yake imetungwa na watu wasioijua kalenda ya chai. Mkulima wa huku hulipwa kwa mwezi, kwa kilo alizopeleka, kisha husubiri bonasi, aghalabu ya Oktoba, ambayo kwa viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa imezoea kuwa nyembamba kuliko ile ya wenzetu wa mashariki. Mtu kama huyo ana siku nyingi katika mwaka ambazo shilingi 20 ya leo haipo, ijapokuwa maelfu ya kesho kutwa yapo. Kabambe hununuliwa mara moja, siku ya bonasi, kati ya kilo za sukari na sare za shule, na tangu saa hiyo hakuna mtu Nairobi wala ng'ambo awezaye kuifunga.

Isipokuwa, kwa insafu, serikali. Mwisho wa Septemba 2012 tume ya mawasiliano iliamuru simu bandia zizimwe nchini, na zaidi ya milioni moja zikakata roho, nyingi zikiwa za ukoo huu huu, zenye majina yaliyokosewa herufi moja kwa makusudi. Walioziuza walikuwa wamekwisha kupokea fedha zao. Waliozinunua ndio walioamka na bubu mkononi.

Nimeahidi kueleza kipaza sauti. Mtu akipigiwa kabambe ndani ya Probox iliyojaza abiria kama Probox za huku zijazavyo, simu huita kwa wimbo unaomfanya hata dereva asitishe maneno yake, na anayepiga husikika na wote, awe anadai, anabembeleza au anatubu. Wastaarabu huita hilo uvunjaji wa faragha. Mimi naliita uwazi, maana kabla gari halijafika Kebirigo, ugomvi wa ndugu wawili juu ya mpaka wa migomba huwa umesikilizwa na watu tisa, ukaamuliwa na mama mmoja wa kiti cha nyuma, na mwenye simu huwa amepewa hukumu bila wakili. Simu janja husikiliza nayo, lakini haishauri.

Na isidhaniwe kwamba nimefungwa macho na mahaba. Kabambe haina usafi wa malaika. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikulia humo, na Fuliza, iliyokuja Januari 2019, haikushindwa na udogo wa mlango: mwenye vitufe vilivyofutika hukopa kwa kubonyeza nyota, tarakimu na alama ya reli, na fedha ya kwanza iingiayo, hata ile aliyotumiwa na binti yake kwa ajili ya dawa, hukatwa deni kabla hajaisoma. Tena kikasha chake cha ujumbe hujaa upesi, kikakataa kupokea mwingine mpaka mtu aketi chini ya mwembe na kuamua upi afute, salamu za Krismasi au risiti ya karo. Niliwahi kumwona mzee mmoja akifuta matangazo ya bahati nasibu moja baada ya moja, kwa subira ya mtu anayepembua mtama, ili apate nafasi ya ujumbe wa mbolea ya ruzuku. Maana serikali, pamoja na hotuba zake zote za uchumi wa kidijitali, ilipotaka kweli kuwafikia wakulima ilituma ujumbe mfupi wa maandishi.

Sasa Ulaya nayo imeamka. Sheria yao ya betri ya mwaka 2023 inataka kwamba kuanzia Februari 18, 2027, pamoja na vighairi vyake, vifaa vyenye betri ndogo viundwe kwa namna ambayo mwenyewe ataweza kuitoa betri na kuibadilisha. Mawakili wa makampuni, wataalamu wa gundi na wabunge wa mataifa 27 walikalishwa ili kuurudisha duniani ukucha wa kidole gumba. Nilimsimulia fundi wa stendi habari hiyo kwa kirefu, nikidhani atafurahi kusikia kwamba elimu yake imepata kibali Brussels. Akaniuliza kama sheria hiyo inakataza pia betri za bandia zilizoandikwa nguvu zisizokuwa nazo, kwa maana hizo ndizo zinazomharibia soko.