Hata Kiti Kilishiriki

Juzi nilipeleka cheti kulaminishwa kwenye steshenari moja Mtaa wa Mchikichi. Kijana wa mashine akakishika kwa ncha za vidole, akakisoma juu mpaka chini kama anayetafuta tarehe ya kwisha muda kwenye kopo la nyanya, halafu akaniuliza, "Mama, hapa wameandika umeshiriki. Kufaulu hukufaulu?"

Nikamweleza kwamba ni mafunzo ya siku tatu, mtihani hakuna, mwisho wa siku unapewa cheti cha ushiriki.

"Kwa hiyo ulikaa tu."

"Nilikaa, nikasikiliza."

"Basi hata kiti kilishiriki," akasema, akakisukuma cheti kwenye mashine, akanidai elfu moja.

Tangu siku hiyo nina hasira, na kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu la kumpa bado sijalipata.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Kama hujui kazi yetu, waulize wanaume wa Dar es Salaam. Kuna kauli moja mwanamke akiitamka saa tatu usiku, mume aliyekwisha lala anatafuta viatu: "Nitakupeleka Ustawi!" Polisi hawamtishi, ana mtu wake huko. Mjumbe wanacheza naye bao. Lakini Ustawi! Basi huko Ustawi ndiko niliko mimi, chumba kimoja, meza mbili na feni inayozunguka kwa kujisikia, hatua chache tu kutoka kwenye makelele ya Kariakoo. Saa mbili asubuhi benchi limeshajaa. Kuna waliokuja kudai matunzo ya watoto. Kuna ndoa zinazovuja. Kuna binti aliyeletwa mjini kwa ahadi ya kusomeshwa ushonaji, sasa ni mwezi wa nane anaosha vyombo na mshahara anausikia kwa jina. Kuna bibi aliyeachiwa wajukuu wanne na namba ya simu isiyopatikana.

Vyeti vya ushiriki ninavyo kumi na saba, nimevitia kwenye begi la zamani la shule la mwanangu. Wazee wanasema jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mila haijafa. Wenzangu mitaani wanabeba marobota ya vitenge, mimi nabeba vyeti.

Sasa ngoja niwaelezee semina. Barua inakuja imeandikwa "maendeleo endelevu ya kitaaluma", maneno mazito, unayasoma umesimama. Mahali ni Morogoro. Kwa nini Morogoro wakati washiriki wote tunatoka Dar es Salaam, hilo usiulize, maana ukiuliza watahamishia Mnazi Mmoja na posho itayeyuka. (Posho yenyewe sitaisema vibaya. Bati la banda la uani kwangu limetokana na semina ya usiri wa mteja.)

Siku ya kwanza ni usajili, sala, na kujitambulisha: taja jina, kituo cha kazi, na mnyama unayefanana naye. Hapo ndipo nilipomshuhudia mzee mmoja wa heshima zake, amebakiza mwaka mmoja kustaafu, aliyesuluhisha ndoa kabla mwezeshaji hajaota meno, akisimama na kusema kwa sauti ya chini, "Mimi ni twiga." Tukampigia makofi.

Baada ya hapo unapewa kikaratasi uandike matarajio yako. Wote tunaandika "kuongeza ujuzi". Tarajio halisi tulilonalo kwa pamoja haliandikwi. Zinawekwa kanuni za darasa, anachaguliwa mtunza muda, anachaguliwa na mchangamshaji wa kutuimbisha watu wakianza kusinzia, na kabla hujajua somo ni lipi, chai ya saa nne imefika na sambusa zake. Tukirudi, tunagawanywa vikundi. Kila kikundi kinapewa bango kitita na makapeni ya rangi mbili kijadili maana ya ukatili. Nimeacha mezani faili la mtoto aliyechomwa mikono kwa pasi, halafu nabishana na watu wazima kama neno "ukatili" tuliandike kwa rangi nyekundu au ya bluu.

Mwezeshaji naye ni kijana mtanashati, kompyuta mpakato yake imejaa picha za watoto wa nchi nyingine wakicheka. Anauliza, "Mtoto ni nani?" Nasi tunaitikia kama darasa la pili: "Ni mtu mwenye umri chini ya miaka kumi na minane!" Swali hilo nimeshalijibu kwenye semina kumi na moja. Jibu limo kwenye kifungu cha 4 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 na halijasogea hata siku moja, wala swali nalo halijasogea.

Msije mkadhani nachukia kusoma. Aibu ya kutosoma ninaijua, ilinikuta mezani kwangu.

Mimi nilimaliza Kijitonyama, kwenye ile taasisi yetu ya ustawi wa jamii iliyoundwa kwa sheria ya 1973, nikatoka na madaftari yangu nimeyapigia mistari kwa rula. Kwenye daftari la sheria niliandika kwamba baba wa mtoto wa nje ya ndoa anaweza kuamriwa alipe matunzo yasiyozidi shilingi mia moja kwa mwezi. Mia moja. Ndivyo sheria ya tangu ukoloni ilivyosema, na hakuna aliyekumbuka kuipandisha bei. Nikalikariri, nikafaulu. (Hapo kulikuwa na mtihani, yule kijana wa steshenari ajue.)

Mwaka 2010 akaingia baba mmoja ofisini na mjomba wake, mzee aliyewahi kuwa karani mahakamani. Yule mzee akanyanyua mfuko, akaumwaga mezani: sarafu za shilingi mia, kumi na mbili kwa hesabu. "Mama ustawi, hayo ni matunzo ya mwaka mzima. Tunaomba risiti." Mama wa mtoto akaniangalia. Nami nikaziangalia zile sarafu. Nilikuwa nimesikiasikia kwamba kuna sheria mpya ya mtoto, lakini kuisoma sikuwa nimeisoma, nakala haikufika ofisini, na hakuna mtu aliyekuwa ametuita hata kwenye chai ya rangi kutuambia kilichobadilika. Nikafanya kama wafanyavyo wataalamu wote waliokwama: nikakohoa, nikasema njooni Jumatatu.

Jioni hiyo nikaisaka sheria, nikailipia kwa pesa yangu, nikaisoma kwenye daladala nimesimama. Kumbe ile ya mia moja imeshafutwa! Sasa mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Jumatatu nikamsomea mjomba mtu kifungu kwa kifungu. Akazikusanya sarafu zake moja moja, akasema, "Siku hizi mmekuwa wajanja." Semina ya sheria hiyo niliitiwa baada ya hapo, na siku ya kwanza ikaishia kwenye twiga na tembo.

Na siku hizi mambo yanageuka upesi kuliko sheria. Februari alikuja mama mmoja wa watoto wawili. Baba yao ana meza ya vipuri vya simu Mtaa wa Aggrey, na tuliandikishana hapo ofisini kwamba atatuma elfu sabini kila mwezi. Mama anasema miezi mitatu hajaona kitu. Baba nikamwita, akaja amechomekea shati. "Mama ustawi, mimi ni mtu wa ushahidi," akasema, akanipa simu. Kweli bwana, miamala mitatu imejipanga, kila mmoja umeanza na "Imethibitishwa", jina la mama limo, elfu sabini imo.

Mama akaapa kwa jina la marehemu baba yake. Mimi nikakunja uso. Wallahi nilikuwa nimebakiza kidogo nimkaripie mama wa watu, kwa sababu karatasi na maandishi ndivyo tulivyofundishwa kuviheshimu. Kilichoniokoa ni majivuno ya yule baba. "Kama hamniamini, twendeni kwa wakala yeyote. Chagueni wenyewe!"

Tukashuka. Pembeni ya ile ile steshenari kuna binti wa miaka ishirini hivi, ana mwavuli, meza ndogo na kiti cha plastiki. Akazisoma zile meseji kwa muda wa kutafuna karanga tatu.

"Kaka, hii miamala mitatu ina kumbukumbu namba moja. Hata mapacha hawafanani hivi."

Baba akasema ni mambo ya mtandao.

"Na salio lako kila mwezi ni lile lile, hata senti haipungui." Kisha akabonyeza lile jina la huduma juu ya meseji, ikatokea namba ya simu ya kawaida, ya mtu. Kumbe jamaa alihifadhi laini yake nyingine kwa jina la huduma, akawa anajiandikia meseji mwenyewe! "Niipigie?" binti akauliza, na hakungoja jibu. Mfuko wa suruali wa baba ukaanza kupiga singeli.

Watu walicheka mpaka muuza madafu akaacha panga lake. Laki mbili na kumi ililipwa pale pale chini ya mwavuli, na safari hii simu iliyolia ilikuwa ya mama.

Somo zima lilichukua dakika sita. Nimeshalitumia mara tatu tangu hapo, na mara mbili limenasa. Kwenye begi la vyeti kumi na saba halimo. Wala sijawahi kuona slaidi hata moja inayosema chochote juu ya kausha damu, ile mikopo ya marejesho ya kila siku, wakati benchi langu linaletewa watoto walioachwa kwa jirani kwa sababu mama yao amewakimbia wakusanya marejesho. Hayo ninafundishwa na jirani, na mama lishe, na mtoto mwenyewe.

Nyumbani ndiko ninakozidi kuchomwa. Wifi yangu ni muuguzi. Wao wana baraza lao na leseni ya kuhuisha, na mafunzo yao yanahesabiwa pointi, naye anazihesabu kama hisa za kikoba. Baba watoto ni mwalimu wa shule ya msingi. Walimu wamepata mpango wao unaoitwa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo wanakutana hapo hapo shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji, mwenye somo lililomshinda analileta, wenzake wanamsaidia. Anatoka darasani, anavuka uwanja, anasoma, anarudi darasani. Kwa mujibu wake na wao wana matatizo yao, na posho hakuna. Lakini namwonea wivu mpaka namwekea chumvi nyingi kwenye mchuzi.

Halafu kuna England. Huko chombo kinachosajili wenzetu, Social Work England, kilianza kazi Desemba 2019, na kila mwaka kinamtaka afisa aandike angalau mambo mawili aliyojifunza na yalivyobadili kazi yake, na moja kati ya hayo awe amelijadili na mwenzake. Habari za hoteli gani na siku ngapi si hoja kubwa. Nikajaribu kujijazia fomu ya namna hiyo. Nilichojifunza: kubonyeza jina. Mwalimu: binti wa mwavuli. Ukumbi: kibarazani, Mchikichi. Niliyejadiliana naye? Hapo nikakwama, maana mwenzangu wa meza ya pili ana mafaili yake mpaka kidevuni, na mara ya mwisho tulipozungumza kesi kwa utulivu ilikuwa mvua imetuzuia kutoka.

Hicho tu ndicho ninachokitaka. Saa mbili kwa mwezi, mlango umefungwa, maafisa sita wa kata za jirani, kila mmoja na faili moja lililomnyima usingizi, na yule mzee twiga akae katikati atuambie alivyofanya yeye. Anastaafu mwakani, na yote aliyonayo kichwani yanaondoka naye kwenda kufuga kuku. Hakuna aliyemwuliza kitu zaidi ya mnyama wake.

Barua nyingine imeshaingia. Mada ni kujitunza kwa mtoa huduma, siku mbili, Morogoro, nauli itarejeshwa. Nitakwenda, uani bado kuna upande haujaezekwa. Ila ninyi waandaaji, kama mnasoma hapa, semina ya mwezi wa kumi ileteni kwangu. Jumatatu ndiyo nzuri, kesi za mwisho wa wiki huwa bado za moto. Benchi linachukua watu sita, kiti cha plastiki nitaazima kwa binti wa mwavuli, na yeye mwenyewe mmwandike mwezeshaji. Chai ya saa nne ipo kwa mama lishe hapo chini, na chapati zake ni kubwa. Kila mtu anajilipia.