Ng'ombe wa Ubaoni

Zamani kidogo nilikuwa mhudumu katika hoteli moja ndogo Arusha, na kwa sababu ya mwandiko wangu nikakabidhiwa chaki. Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kuandika ubao wa chakula pale mlangoni, kwa Kiingereza, ili watalii walioteremka Kilimanjaro na njaa zao wajue kuna nini.

Siku ya kwanza niliandika: "Cow with chips. Sheep with rice. Pig, fried." Nikarudi nyuma hatua mbili, nikautazama ubao, nikaridhika. Ng'ombe ni ng'ombe, awe zizini au buchani.

Watalii wakawa wanasimama na kupiga picha. Nikajua mwandiko umewakosha. Mpaka dada mmoja aliponiuliza, kwa upole kabisa, kama huyo kondoo ataletwa mezani akitembea.

Aliyenitoa tongotongo ni mzee mmoja wa Kiingereza, mwalimu mstaafu wa historia. Aliagiza chai, akanirudisha mpaka mwaka 1066, William wa Normandy alipovuka bahari na kuiteka Uingereza. Wenyeji wakabaki machungani na majina yao: "cow", "sheep", "pig". Mabwana wapya, waliosema Kifaransa, walikutana na mnyama akiwa sahanini tu, wakamwita kwa lugha yao. Humo ndimo zilimotoka "beef", "mutton" na "pork". Karibu miaka elfu imepita, na mpaka leo ng'ombe akiingia jikoni hubadili jina kama mtu anayekimbia madeni.

"Na kuku?"

"Chicken," akasema. Hai, mfu, wa kukaanga, ni huyo huyo.

"Mbuzi?"

"Goat. Basi."

Hapo niliumia. Mbuzi huyu huyu, ambaye kwetu akichomwa mzima, akatiwa majani mdomoni na kupelekwa ukumbini, anaitwa ndafu na hukatwa kama keki!

"Kumbe nanyi mna majina ya mezani," mzee akanidaka.

Ikabidi nikiri na la nguruwe. Kwenye ubao ni "pig", lakini mitaani anaitwa kitimoto, na jina hilo hakuletewa na mabwana wa ng'ambo. Alipewa na walaji ambao kabla ya kuagiza hugeuka kwanza kuona nani amekaa meza ya jirani. Nilipomfafanulia kwamba maana yake ni kiti chenye moto, mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tunakila na miguu yake.

Kesho yake niliandika kwa madaha: "Mutton with rice." Mama mpishi akatoka na mwiko mkononi, akausoma ubao taratibu.

"Matoni ndiyo nini, mwanangu?"

"Kondoo, mama."

"Kondoo gani? Mimi tangu mwezi wa kwanza napika mbuzi."