Nyumba Inayojifanya Ina Watu



Shangazi, uliuliza kwenye simu: tiketi ya kuja Tanga ninayo, mabegi yamefungwa, sasa kinachonishughulisha ni nini? Wewe ukienda Pangani unafunga mlango, ufunguo unampa mama wa jirani, unamkumbusha kuku wapewe pumba, basi, unapanda gari. Mtaa mzima unajua umekwenda wapi na utarudi lini, na ulinzi wako ndio huo. Hapa Minneapolis ni kinyume. Balaa linaanza watu wakijua kwamba haupo.

Kwa hiyo nyumba yangu naifundisha uongo. Mwezi wa kumi na mbili jua la huku linazama saa kumi na nusu jioni, nami nimenunua kidude cha saa cha kuchomeka ukutani: kitawasha taa ya sebuleni jua likizama na kuizima saa tano usiku, kila siku, na mtu hamna. Najua ungeiona ungemwita shehe aje asome dua. Barua nazo zikifurika kwenye sanduku ni kumkaribisha mwizi, ila posta ya Marekani ukiiomba inakushikia hadi siku 30. Halafu theluji! Sheria ya jiji inataka mwenye nyumba asafishe njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake ndani ya saa 24 tangu theluji ikome. Usiposafisha, jiji linaleta watu wake, na bili unaletewa wewe. Theluji ya Mungu, njia ya serikali, chepe langu. Nimepatana na kijana wa nyumba ya pili, na kwa bei aliyonitajia, huko Tanga angenilimia shamba zima na kulipalilia.

Lakini mwizi ana nafuu. Ninayemwogopa hasa ni maji. Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, na bomba halina pa kuvimbia, linapasuka kimyakimya. Barafu ikiyeyuka ndipo sebule inageuka bwawa la kambare. Hita basi siizimi, naiacha kwenye nyuzi 55 za hesabu yao, ambazo ni kama 13 za kwetu. Utasema hilo si joto, hiyo ni Lushoto mwezi wa saba. Sawa, lakini nje huweza kufika 20 chini ya sifuri, na bima nyingi za huku hazilipi bomba lililopasuka ikiwa mwenye nyumba aliondoka bila kuacha joto. Kabati la chini ya sinki naliacha wazi, joto lipenye hadi kwenye mabomba. Koki kuu naifunga, kisha nafungulia bomba moja moja mpaka likohoe tone la mwisho. Kikohozi kile, Shangazi, ndicho kitakachonipa usingizi ndani ya ndege.

Kwenye friza nimegandisha kikombe cha maji, na juu ya barafu nikaweka sarafu ya shilingi 200 iliyosalia kutoka safari ya mwisho. Nikirudi nikaikuta juu, salama. Nikiikuta imezama, umeme ulikatika muda mrefu, nyama ikayeyuka na kuganda tena, na yote ni ya kutupwa. Ujanja huo nilifundishwa na bibi wa Kimarekani wa nyumba ya jirani. Ndiye pia niliyemwachia ufunguo, ila yeye hana kuku wa kulisha.

Sasa nina ombi. Lile tangazo la ujio wangu uliloweka kwenye kundi la familia, lenye tarehe na picha ya nyumba yangu, lifute leo hii. Kundi lile lina watu mia na ushee, na nusu yao hata wewe huwajui. Na Baba Mdogo mwambie aje kunipokea stendi ya Kange na pikapu, bajaji haitatosha. Nina mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, na vilivyo vyangu humo ni soksi tu.