Mhadhara Kuhusu Malazi ya Mnyonge Jirani na Faru

Wazee wa baraza, masharifu, mabibi mliojibanza dirishani, na ninyi vijana mliofuata kahawa: tulieni. Mwenye kete za bao aziweke chini. Leo hapa Barabara ya Nane, Ngamiani, inazungumza taaluma. Anayesimama mbele yenu ni Mtaalamu Mkuu wa Malazi ya Bei Poa Kandokando ya Hifadhi za Faru, cheo nilichojivika mwenyewe baada ya kuona Serikali inachelewa.

Somo lina sura saba. Nitagusa mbili tu, maana hizo nyingine hamtaziweza.

Sura ya kwanza ni jiografia, nayo imewaumbua wengi wa mji huu wa Tanga. Mtu anapanda basi la Arusha, anapita Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, anaona kibao kimeandikwa Mkomazi. Anashuka na begi lake, anauliza faru wako wapi. Wenyeji wa pale ni waungwana, humkaribisha chai kwanza ndipo wamwambie. Mkomazi ule ni mji mdogo tu wa Wilaya ya Korogwe. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi iko ng'ambo ya milima, na ingawa kipande chake kimo ndani ya mkoa wetu wa Tanga, lango linalotumika zaidi, la Zange, liko Same, Mkoa wa Kilimanjaro, saa moja na ushei mbele. Yaani shamba letu, mlango wao. Nimekwisha kulipinga jambo hili kwa maandishi. Nakala ninayo mfukoni, na hakuna aliyeomba kuisoma.

Hifadhi hiyo ina kilomita za mraba 3,245. Ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa 2008. Kaskazini imeungana na Tsavo ya Kenya, na tembo huvuka mpaka bila kugongewa muhuri. Mawingu yanayotoka bahari yetu hii huporwa njiani na milima ya Usambara na Upare, kwa hiyo Mkomazi hubakiwa na vumbi. Vumbi hilo mtalikuta kwenye shuka za gesti, na hapo ndipo inapoanza sura ya pili.

Usinicheke, sharifu. Gesti ni taasisi.

Ukifika Same jioni, utaingia nyumba ya kulala wageni yoyote iliyo kando ya barabara kuu, na dada wa mapokezi, bila kunyanyua macho kwenye simu, atakuuliza: "Kupumzika au kulala?" Mtaalamu hujibu, "Utafiti." Nilijibu hivyo. Akanitoza bei ya kulala, kabla sijaona chumba. Kisha likaja lile daftari kubwa la wageni lenye mistari ya kalamu nyekundu: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, saini. Kwenye kazi niliandika "Mtaalamu wa Faru". Dada akasoma, akafuta kwa mkono wake mwenyewe, akaandika "Mfanyabiashara".

Chumbani, msafiri wa bei poa hukagua kwa mpangilio wa kisayansi. Neti kwanza: hesabu matundu, kisha acha kuhesabu. Feni: iwashe ukiwa mlangoni. Malapa: yatakuwa mawili, yote ya mguu wa kushoto, na hayo ni ya kawaida kabisa. Sabuni ni kipande cha kadiri ya ukucha. Maji ya kuoga yatakuja kwenye ndoo, kwa ahadi. Kitasa kitagoma, utafunga mlango kwa kusogeza kiti. Nje malori ya Dar na Arusha yatapishana usiku kucha, baa ya jirani itapiga muziki mpaka iridhike, na muadhini atakapoamsha watu wewe utakuwa macho zamani. Silitaji jina la gesti hiyo. Mwenyewe anajijua.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo taaluma inapozidi bei ya kahawa. Usiku huohuo, mwendo mfupi kutoka kwenye ndoo yangu, faru mweusi alikuwa amelala ndani ya uzio wa umeme. Ana askari wenye bunduki usiku na mchana. Ana daktari. Maji yake huletwa pasipo ahadi. Kutokana na ushahidi huu nikatunga Kanuni Kuu ya Malazi, nayo naomba muiandike: kiumbe hulazwa kulingana na uhaba wake.

Mnabisha? Faru walipokuwa wengi, nani aliwawekea mlinzi? Miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua kwa ajili ya vipusa, vikaenda kuwa mipini ya majambia Yemen na dawa huko Mashariki ya Mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mkomazi haikuwa na faru hata mmoja. Walipokwisha, ndipo wakapata daraja la kwanza. Mwaka 1989 Serikali ilimwalika Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi na George Adamson kule Kora, Kenya, akaja kuifufua Mkomazi. Mwaka 1997 faru wanne waliletwa kwa ndege kutoka hifadhi ya Addo, Afrika Kusini. Baadaye wengine walitoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, nchini Cheki, na wengine Port Lympne, Uingereza. Kwa ndege, nasema. Mimi nilikuja kwa basi, miguuni mwangu kuna kuku wa abiria mwingine.

Na wale wafugaji, Wamaasai na Wapare, walioondolewa mle 1988, wakafika hadi Mahakama ya Rufani wakidai malisho yao? Hawakutumiwa ndege. Walikuwa wengi mno. Kanuni yangu inasimama, ingawa usiku ule, kiti kikiwa kimeegemezwa mlangoni, haikunifurahisha.

Tuendelee. Namna ya kumwona. Ada ya kuingia haiwatishi ninyi, Mtanzania hulipa kwa shilingi, mgeni ndiye wa dola. Kinachoua mfuko ni kukodi gari. Kwa hiyo mchangiane, na mchangiane na watu wasiozungumza sana. Toka gesti alfajiri, maana faru hupenda ubaridi. Jua likikaza hujitupa kivulini na hamtaona kitu ila kichaka kinachopumua. Ni mnyama wa tani moja hivi, mdomo wa juu umechongoka kwa ajili ya kukwanyua vijiti na majani, si mla nyasi kama mlivyokuwa mkidhani. Jike hubeba mimba miezi 15 hadi 16, ndiyo maana kuwarudisha kwao hakuendi mbio. Macho yake hafifu, lakini pua na masikio ni balaa. Akina mama wa Tanga, nawasihi: udi na asumini viacheni nyumbani siku hiyo. Harufu itafika kabla ya gari.

Mtaniuliza kama mimi nilimwona. Swali hilo ni la kienyeji. Mtaalamu haoni, mtaalamu hutafsiri. Niliona mgongo, vumbi, na mkia ukiondoka, na askari mwenye heshima zake akanithibitishia kuwa mwenye mkia huo ni yeye. Mbali na hapo niliona choroa na swala twiga kwa macho yangu yote mawili, lakini hao hawamo kwenye cheo changu.

Haya, maswali nitayapokea, ila si kuhusu choo cha gesti. Mnaotaka kwenda, andikeni majina kwa huyu kijana wa kashata, tujaze gari moja la kukodi. Kila mtu aje na kufuli lake, malapa yake, na lipo la tatu ambalo nasisitiza: kwenye daftari la wageni, mstari wa kazi, msiandike "Mtaalamu". Nafasi hiyo ina mwenyewe.