Kicheko Chenye Machozi

Miongoni mwa taaluma ambazo simujanja, yaani simu yenye uwezo wa kutumia intaneti, imemlazimisha mwanafunzi wa Muleba anayesoma Bukoba mjini kuzimudu bila mtaala wala mtihani, iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya kufasiri nyuso. Uso unaokusudiwa hapa ni imoji, kijipicha cha manjano kinachotumwa badala ya neno, na hasa ile inayocheka huku ikitiririkwa na machozi, ambayo mwaka 2015 wachapishaji wa kamusi za Oxford waliitangaza kuwa neno la mwaka ingawa haina hata herufi moja. Vijana huiona ikicheka. Wazee wengi wa ukoo, ambao vioo vya simu zao vilipasuka zamani, huona machozi tu, nao huiweka palipo na kilio.

Ndiyo maana tangazo la msiba linapoingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambalo siku hizi ndilo pia daftari la rambirambi, shangazi aliyeko Kamachumu huweza kupanga nyuso nne za aina hiyo chini ya jina la marehemu kwa huzuni isiyo na shaka. Mwanafunzi, kwa kuwa ndiye msomi na bando analo, hujiona ana wajibu wa kuokoa heshima ya ukoo kwa pole iliyo rasmi. Lakini kibodi yake, ambayo hubashiri maneno kwa kuyalinganisha na yale iliyofundishwa, ilifundishwa Kiingereza, hivyo "poleni" hugeuka, kabla hajatazama, kuwa neno la lugha hiyo lenye maana ya chavua, ungaunga wa maua unaobebwa na nyuki. Wafiwa wakapokea chavua sana kutoka chuoni.

Muleba, hata hivyo, iliwahi kuuona mchanganyiko wa kicheko na kilio pasipo simu yoyote. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha walianza kucheka wasiweze kujizuia, na shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa; waliporudishwa makwao hali hiyo ikazuka katika kijiji cha Nshamba. Madaktari Rankin na Philip, walioiandikia ripoti mwaka 1963, hawakupata sumu wala kijidudu, bali walieleza vicheko vilivyofuatana na vilio na mahangaiko. Wanaoisimulia ughaibuni kama kichekesho huyaacha machozi, jambo ambalo ni kosa la shangazi lililopinduliwa, tena lisilo na kisingizio cha kioo kilichopasuka.

Madaktari hao waliandika pia kwamba walimu wa Kashasha hawakuambukizwa. Bwenini Bukoba, mwanafunzi aliyekwisha kuisoma chavua yake hucheka mpaka akatokwa na machozi, na wenzake wa chumbani, wasiojua hata aliyefariki ni nani, hudakia mmoja baada ya mwingine. Kamachumu hakuna aliyecheka. Shangazi, ambaye hakuona kosa lolote katika ujumbe ule, hujibu "Asante, mwanangu" na kuongeza nyuso nne.