Maslahi Mapana

Hakuna neno lenye bahati kama maslahi. Likipanda jukwaani huitwa maslahi mapana ya taifa. Likirudi nyumbani usiku huvua koti, likabaki maslahi tu. Umewahi kumsikia mtu akitetea maslahi membamba?

Azimio la Arusha la 1967 lilijaribu kulibana. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mambo mazito hayo, jamani. Mtu mzima na cheo chake akose hata chumba cha uani cha kumpa mpangaji! Mwaka 1991 wakubwa wa CCM wakakutana Zanzibar, masharti yakalegezwa. Bila shaka kwa maslahi mapana.

Nairobi hawakusubiri hivyo. Kwa pendekezo la Tume ya Ndegwa, 1971, watumishi wa serikali waliruhusiwa kufanya biashara huku wakila mshahara, hivyo mtoa zabuni na muomba zabuni wakaweza kuvaa kiatu kimoja.

Siku hizi tuna utaratibu. Mjumbe mwenye maslahi binafsi anatakiwa aseme, kisha atoke kikaoni. Basi anasema, anatoka, anasimama koridoni akichezea simu. Ndani wamebaki shemeji yake, aliyesoma naye, na mmoja anayemdai. Mlango ukifunguliwa, zabuni imekwenda kulekule, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha hakuwepo.

Mwalimu akidai malimbikizo ya mshahara wake, huyo ndiye anayeambiwa aache ubinafsi.