Jinsi ya Kuunga Polima Bila Kuziua Seli

Amua kwanza unachotaka: jeli ambamo seli zitaishi, au jeli ya kuzizikia. Zote mbili zinawezekana, na ya pili ndiyo rahisi.

Chukua polima ya PEG (polietilini glikoli) yenye mikono minne, kila mkono ukiishia na azidi. Itafutie mwenzake mwenye mikono minne pia, huyo akiwa na alkaini nchani. Azidi na alkaini hushikana kama kifungo na tundu lake, wala haviwabughudhi majirani. Usikubali polima za mikono miwili kwa miwili, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Utaambulia nyuzi ndefu, na nyuzi peke yake hazifanyi jeli. Tena hesabu ncha, usitegemee gramu. Poda mbili zenye uzito sawa zinaweza kupishana mno kwa idadi ya ncha, na ncha isiyo na mwenzake hulegeza jeli yako.

Sasa shaba. Mwaka 2002 Morten Meldal huko Denmark na Barry Sharpless huko Marekani, kila mmoja kivyake, walionyesha kuwa shaba huuharakisha sana muungano huu. Ukitaka seli zako zife kabla ya chakula cha mchana, itie hiyo shaba humohumo. Ukitaka ziishi, mshukuru Carolyn Bertozzi. Mwaka 2004 yeye na wenzake walitumia alkaini iliyobanwa ndani ya pete ya kaboni nane. Pete hiyo imepindwa kwa nguvu, hivyo azidi ikisogea tu hushikana nayo bila shaba wala moto. Wote watatu walipewa Nobel ya Kemia mwaka 2022. Kwangu mimi hatua ya Bertozzi ndiyo kubwa kuliko zote, kwa kuwa ndiyo iliyoisogeza kemia hii hadi ndani ya kiumbe hai.

Ukikusudia kujitengenezea ncha za azidi, hapo cheka baadaye. Sodiamu azidi utakayoitumia ni sumu kali. Ikikutana na asidi hutoa mvuke unaoua na unaoweza kulipuka. Ikimwagwa kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, hujenga chumvi za kulipuka humo ndani, zikimngoja fundi bomba. Usiichanganye na dikloromethani hata kidogo.

Kama maabara yako haina utaratibu wa kukusanya taka za azidi, nunua polima iliyokwisha kuwekewa ncha.